Ng'ombe wa Senge Kwenye Tovuti

Tuwan, Kitale,
14 Septemba 2025.

Mpendwa shangazi yangu, Senge Nelima,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Waonaje huko Minnesota? Magoti yanasemaje na baridi hiyo? Binti yako Judy anakupikia ugali au ni mikate tu? Mimi mwili haujambo, namshukuru Mungu. Ni roho tu, na hiyo nitakueleza.

Bumula kumetulia. Juzi nilifika nikafagia kwako, nikafunga tena. Ng'ombe wako amenona; Derrick wa jirani anamtunza vizuri.

Ile programu yangu ya wafugaji, ya kuwakumbusha tarehe ya kupandisha ng'ombe na ya kuzaa, niliimaliza. Nikaitengenezea tovuti ili watu waijue. Picha ya ng'ombe wako nikaijaza ukurasa mzima, maana huyo ni mrembo, bana. Maandishi nikayaweka madogo mgongoni pake, ya kijani juu ya nyasi za kijani, na vitufe tisa pembeni. Nikajiona fundi kweli kweli.

Watu wakapiga simu. Wee! Tano, sita kwa siku. Hakuna hata mmoja aliyeulizia programu. Wote walitaka kununua ng'ombe!

Usishtuke, sijamuuza. Lakini Senge, walikuwa wanaongea. Mzee mmoja wa Cherangany alinieleza habari za mahindi yake, za mvua, hadi za mke wake aliyeaga. Mama mwingine akataka kujua kama nimeolewa. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Tangu uondoke, na mama naye kututoka, hakuna anayeniuliza hata nimekula nini.

Basi nikamwita Chepngeno, mfugaji tunayesali naye. Nikampa simu afungue tovuti, nami nikanyamaza nione atafanyaje. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akabonyeza hapa na pale, mwishowe akaniuliza, "Sasa hapa mnauza nini?" Nikajua kosa ni langu. Na Senge, nikaliacha vile vile wiki mbili nzima, kwa kuogopa simu isije ikanyamaza. Hilo sijamwambia mtu ila wewe.

Lakini kazi ni kazi. Nikamtoa ng'ombe. Nikaweka maandishi makubwa meusi kwenye ukurasa mweupe, na juu kabisa sentensi moja inayosema programu inafanya nini. Vitufe nikabakisha vitatu. Chepngeno aliporudi alisoma, akajiandikisha mwenyewe kabla chai yake haijapoa. Hakuniuliza kitu.

Sasa wafugaji arobaini na mmoja wamejiunga, na simu haijalia siku ya kumi na moja leo. Wanasoma, wanaelewa, wanaenda zao. Si hiyo ndiyo tovuti nzuri? Ningemsifu aliyeitengeneza kama si mimi. Lakini jioni nikirudi, nasikia friji tu. Upweke ni mbaya, Senge. Sikujua.

Nisalimie Judy na mumewe Kevin, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akushike mkono, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Sikuombi kitu kingine ila hiki. Usinijibu kwa WhatsApp na kile kidole gumba chako na maua. Piga. Jumapili nikitoka kanisani nitakaa na simu mkononi hadi giza liingie. Hata ukikosa la kusema, usikate, nitakusikia ukipumua.

Ni mimi mwanao wa kulea, nikupendaye,
Nabwile.