Majani Aliyoyalaza Othmar

Jumatatu, 16 Februari 1953

Othmar tena! Nimefika kazini asubuhi, uwanja wa baraza wote umelazwa majani. Miraba mitupu, imenyooka kama kapima kwa kamba. Jana mahabusu walifagia, leo kalaza upya. Anayakata bondeni kwa nyengo yake, anayabeba kichwani, anapanga mistari ya kushuka mteremko, halafu ya kukatiza. Kazi ya mwanamume kwenye ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, ndiyo hiyo, na kaimaliza. Bado wanawake tu, waje na majembe, wachimbe katikati ya kila mraba na kufukia majani. Sawa, lakini hiyo ni kazi ya mlimani. Si chini ya bendera ya Malkia!

Nikamwuliza, Othmar, hili shamba la nani? Akanijibu kwa upole: wanawake wanakuja kulima.

Wanawake gani? Mkewe Luisa alifia kwao Ngumbo, ziwani, kwenye uzazi, yeye na mtoto. Miaka minne sasa. Othmar alimfuata huko akaanza kulaza majani juu ya mchanga. Wanyasa walicheka mpaka wakachoka. Tangu arudi hana nyumba, analala kibarazani pa ghala la kahawa, na akipewa kiazi anashukuru.

Alhamisi ya wiki ijayo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anakuja kutoka Songea na Bwana Shamba mgeni, kutazama ngolo zetu na kupiga picha. Jumbe Hyasinti amesema mtu huyu aondoke kabla. Asitutie aibu. Mimi pia naona hivyo.

Jumanne, 17 Februari

Nimeandika barua ya tatu kwa polisi wa ziwani. Ya Desemba haikujibiwa. Ya Januari haikujibiwa. Na kosa ni langu! Niliandika "mgonjwa wa akili, mpole, anaharibu usafi wa uwanja". Nani atapanda mlima wote huu kwa ajili ya usafi?

Leo nimeandika kama mtu mzima. "Anatembea na silaha kali na kuwatishia watumishi wa Serikali." Silaha kali — nyengo ya kukatia majani! Nilicheka peke yangu. Lakini mwandiko umetoka vizuri mno, herufi zimesimama wima. Jumbe kagonga muhuri bila kusoma mpaka mwisho. Tarishi ameondoka saa nne.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Nimepakwa majivu. Othmar naye alipanga foleni, nyengo kaiacha mlangoni mwa kanisa. Alikuja kusimama karibu nami. Nikasogea mbali naye. Mvua mchana kutwa.

Jumamosi, 21 Februari

Othmar amekufa. Wamempiga risasi.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 22 Februari

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Verediana kwamba tumbo linauma. Mke wangu si mjinga, hakuuliza.

Niandike ilivyokuwa. Humu hakuna wa kugonga muhuri.

Walifika jana saa mbili asubuhi, Koplo na askari wawili, bunduki tatu. Koplo ni mtu wa mbali, wa upande wa Tabora. Kilimo chetu hakijui, na hilo si kosa lake. Mkononi ana barua yangu. Akaniuliza yuko wapi huyo mwenye silaha. Nikanyoosha kidole. Kidole hikihiki kinachoshika kalamu.

Othmar alikuwa ameinama uwanjani, anarekebisha mstari. Koplo akapiga kelele, weka silaha chini! Othmar akageuka nyuma kuona ni nani anaambiwa. Hakuona mtu. Halafu akafurahi. Wallahi nasema mimi Mkristo, alifurahi! Watu wamekuja, tena wengi, tena wenye nguvu. Akaenda kwao ameshika nyengo kwenye chuma, mpini mbele.

Mpini mbele! Huku kwetu ukimpa mwenzako nyengo hivyo unamwambia, karibu, shika zamu. Watoto wanajua. Nami nilijua, nilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Yalitosha maneno mawili: Koplo, anakukaribisha.

Mdomo ulifunguka. Nikakumbuka barua. Nikisema huyu ni mpole, Koplo ataniuliza ni nani basi aliyeandika silaha kali. Nikaufunga. Muda wa kumeza mate, basi.

Risasi moja, kifuani. Alianguka juu ya majani yake.

Koplo alikaa kwenye ngazi, akaomba maji. Kisha akanishukuru. Alisema bila barua yako, Karani, tungemwendea mikono mitupu. Akanishukuru! Nami nikasema si kitu, bwana.

Mahabusu wamemzika nyuma ya ghala, bila sanda. Jumbe ameagiza majani yasiguswe mpaka Bwana Shauri aone mahali penyewe. Kwa hiyo yapo. Nayaona kutoka dirishani kwangu, kila nikiinua kichwa.

Jumanne, 24 Februari

Nimepanda baisikeli mpaka Kigonsera kuungama. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipopiga magoti nikasema: Padri, nimesema uongo mara moja. Akauliza uongo wa namna gani. Nikasema wa kazini.

Wa kazini!

Akanipa Salamu Maria tatu. Atajuaje? Dhambi ya gunia zima mimi nimempimia kwa kijiko. Nilitoka mwepesi, hata nikapiga mluzi. Kufika mtoni nikashuka kwenye baisikeli, nikaisukuma mpaka nyumbani.

Nimerudi na dhambi mbili. Sikusali hata Salamu moja.

Jumatano, 25 Februari

Kunigunda amekuja, dada mkubwa wa Othmar, kutoka Ukata. Ametembea tangu alfajiri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Sauti ya kawaida tu. Nilitamani anitukane.

Hakuja kulalamika. Anaomba nimwandikie barua kwa Bwana Shauri arudishiwe nyengo, ilikuwa ya baba yao. Kasikia mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri kupita makarani wote wa huku. Nyengo imo kwenye droo yangu, imefungwa karatasi: KIELELEZO CHA KWANZA. Chini yake ipo barua yangu, KIELELEZO CHA PILI. Goti langu lilikuwa linagusa hiyo droo muda wote anaongea.

Halafu akauliza, mwanangu, wewe ulikuwepo, je, alikuwa na hasira?

Nikasema sikuona vizuri, mama.

Akatoka, akasimama uwanjani, akayatazama majani. Akainama, akavunja unyasi mmoja akaunusa. Akasema bila kugeuka kwamba ndugu yake kalaza vizuri, yamekauka sasa, yanafaa kufukiwa. Akaenda zake. Barua yake sijaiandika.

Nyumbani Verediana ameweka chakula, akabaki amesimama. Akasema, wanawake kisimani wanasema Othmar alitoa mpini. Ni kweli? Nikasema kweli. Akauliza, na wewe ulikuwa wapi? Nikaanza kula. Ya barua sijamwambia, lakini naona aibu inanitoka kama jasho, na yeye ana pua.

Alhamisi, 26 Februari

Naandika nikiwa ofisini. Saa nne na nusu. Bwana Shauri anatazamiwa saa tano, ataanza na shauri la Othmar, picha baadaye. Koplo amepanda tena na wale wawili kutoa ushahidi. Mimi ndiye mkalimani. Mimi ndiye nitakayesoma vielelezo.

Asubuhi Verediana aliondoka mapema na jembe. Nilidhani anakwenda kwenye maharage.

Saa nne wamekuja. Wanawake, kwa njia ya Ukata, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na jembe begani. Nimehesabu thelathini nikaacha. Mbele yao Kunigunda. Hakuna anayelia, hakuna wimbo. Wameingia uwanjani moja kwa moja, kila mmoja akachukua mraba wake, wakaanza. Wanachimba katikati, udongo wanautupa juu ya majani. Pale alipoangukia anachimba Kunigunda mwenyewe.

Uwanja wa Serikali unakuwa ngolo mbele ya macho yangu! Mawe yetu ya kupamba uwanja, yaliyopakwa chokaa, yameshafukiwa. Jumbe Hyasinti kajifungia ndani. Yeye Mmatengo pia, anaelewa. Hawezi kutoka kuwaambia waache kazi ambayo mwanamume ameshailazia majani.

Koplo haelewi. Kaingia hapa mbio, jasho linamtiririka. Karani, wanawake wamevamia baraza, wana silaha! Andika upesi, tarishi akampate Bwana njiani, aombe askari zaidi. Anasema hataki yale ya Jumamosi yatokee tena, na naamini hataki. Lakini bunduki kaivua begani. Wale vijana wake wawili wapo kwenye ngazi, nao wameshika zao.

Amesimama mlangoni ananisubiri. Daftari hili nimelilaza juu ya karatasi ya Serikali, anadhani naandika barua. Kwenye karatasi yenyewe kuna tarehe tu.

Verediana yuko mstari wa tatu, mraba wa pili kutoka kwenye mlingoti. Kitambaa cha njano. Anachimba bila kuangalia dirisha hili, na anajua niko hapa.

Sentensi ninayo, Othmar alishanipa: wanawake wanakuja kulima. Maneno matatu. Nikiyaandika, Koplo atauliza, na jembe si silaha? Nikisema jembe si silaha, atauliza, na nyengo je? Halafu Bwana Shauri atauliza. Halafu droo itafunguliwa. Kazi itakwenda, labda na mimi nitakwenda jela, mahabusu wanifagilie njia. Jumamosi nilimeza mate hapohapo.

Motokaa inasikika, bado iko mbali, inapanda kona za chini.

Koplo ameuliza nimefika wapi. Nimesema nakaribia. Amesema basi, nimsomee hapo nilipofika. Kwa sauti, askari wake pia wasikie.

Dirisha liko wazi. Verediana ameacha kuchimba. Ameegemea jembe, amegeukia huku.