Beji Iliyoshonwa kwa Uzi wa Nyavu

Mjukuu wangu Achieng,

Hapa Karungu, kando ya ziwa, hatujambo. Nyanya yako anaanika dagaa wetu, omena, na anakusalimu. Umenichangamsha kwa kuuliza kwa nini beji yangu ya jeshi imeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Baada ya uhuru, sisi wa malori ya chakula tulipewa beji mpya za kitambaa, zenye picha ya gurudumu, za kushona begani. Tukibeba magunia, za wenzangu ziling'oka. Yangu niliishona kwa uzi wa nyavu na kuifunga fundo la wavuvi alilonifunza mama. Siku ya gwaride afisa aliivuta, ikakataa kung'oka.

"Wewe ni wa wapi?"

"Karungu, afande."

Jioni kikosi kizima kilinipangia foleni, beji mkononi, niwashonee.

Sasa wewe umepelekwa kikosi hicho hicho. Uzi nimeuweka humu kwenye bahasha. Wakikuuliza wewe ni wa wapi, jibu kwa sauti.

Babu yako