Tezi Mbili Walizozifuata kwa Rangi

Mwaitu,

Nakuandikia nimesimama jikoni kwako hapa Mukuyuni. Nikikaa, nainuka tena. Leo nimefagia uwanja mara tatu, hata kuku wananishangaa.

Ile saratani ya mlango wa kizazi iliyokuondoa, mama, ilinipata na mimi. Usishtuke. Tulipomaliza kukuzika nilienda kupimwa, ikapatikana ikiwa bado changa.

Nimefanyiwa upasuaji. Daktari alinieleza polepole: wangedunga rangi ya buluu pale penye ugonjwa, halafu waifuate. Saratani ikianza kutembea, alisema, hupitia kwanza kwenye tezi fulani kila upande wa nyonga, na rangi ndiyo huwaonyesha ni zipi. Hizo hutolewa zikapimwe. Zikiwa safi, zingine haziguswi. Nilimuuliza mara mbili kama mguu wangu utafura kama wako ulivyofura. Akasema zingine zikiachwa, hatari hiyo inapungua sana.

Kesho yake baada ya upasuaji nilikojoa kijani kwa ile rangi, kama maji yaliyochemshiwa sukuma. Nikacheka mpaka mshono ukauma. Ningemwambia nani jambo kama hilo, kama si wewe?

Kisha kungoja majibu. Mwaitu, kungoja! Nilichagua ndengu, nikasahau, nikazichagua zile zile tena. Kila nikifumba macho naona leso zako, zile ulizofua kabla hatujaamka ukazianika nyuma ya choo. Niliyaona madoa ya damu. Nilikuuliza mara moja tu, ukasema, "Ni mambo ya uzee, endelea na kazi." Nikaendelea na kazi. Kwa nini niliendelea na kazi?

Alhamisi wakapiga simu. Tezi zote mbili ni safi. Nililia pale kwenye mashine ya kusaga unga, mama mmoja akanishika mkono akidhani nimefiwa.

Lakini sijatulia. Kizazi kilitolewa; mtoto wa tatu niliyekuwa namtaka hatakuja. Na Mutheu wetu anakataa kupimwa. Kitinda mimba wako ana aibu kama yako. "Mimi siumwi popote," ananijibu. Hata mimi sikuwa naumwa popote.

Pumzika, Mwaitu. Jumatatu asubuhi nitakuwa Matiliku kwake. Atanuna, atanitukana, atasema ana nguo za kufua. Nakuahidi, sitaondoka mlangoni pake mpaka avae viatu twende.

Binti yako,
Mwikali