Aliyenyamaza Tukiombea Kenya

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kitale tumeamka salama, ingawa babu yako bado anakohoa. Uliniuliza kama kuombea nchi kunasaidia. Swali lako limeninyima usingizi, mama.

Baada ya ule uchaguzi wa vurugu, tulikusanyika kanisani kuombea Kenya. Kila mtu alipaza sauti kwa lugha ya kwao, kama kawaida yetu. Jirani yangu, Mama Njeri, alifumba mdomo. Aliogopa watu walio nje wasije wakasikia lugha yake, maana siku zile watu wa kabila lake walikuwa wakishambuliwa.

Nilimshika mkono nikamwambia, “Omba tu, niko hapa.” Akanong'ona sala yake.

Kama kuombea nchi kunasaidia, mimi najua hili tu: tangu siku hiyo, tukianza kuombea nchi, mimi husikiliza kwanza ni nani amenyamaza, ili nimshike mkono.

Nyanya yako