Muhogo Hutikiswa Kwanza

Nekesa mjukuu wangu,

Sisi huku Buteba tu wazima, na babu yako anakusalimu. Umeniuliza kwa nini molekuli inayotetemeka huweza kuvunjwa na ioni, chembe yenye chaji, kwa urahisi zaidi, ukasema utaacha kemia.

Hata mimi, nilipokuwa nikisoma Tororo, jambo hilo halikuniingia. Likizoni nikavuta muhogo kwa nguvu zote, shina likakatika. Mama akacheka: "We mtoto, unapigana na nani? Tikisa kwanza!" Nikatikisa shina la pili, udongo ukalegea, muhogo ukatoka mzima.

Molekuli nayo ni hivyo: kifungo cha atomi zake kinachotetemeka hurefuka na kufupika. Mara nyingine ioni hukikuta kimelegea tayari. Nguvu ni ileile, ila imewekwa panapofaa: kwenye mtetemo, si kwenye kishindo cha kugongana.

Usiache, mama. Hujashindwa. Umevuta kabla ya kutikisa.

Bibi yako