Maji Yanaponyamaza Kwenye Ekzosi

Anaeli mjukuu wangu,

Shikamoo yako nimeisikia, marahaba. Mama yako anaandika, mimi nasema. Ng'ombe amezaa jike, na kikohozi cha babu yako kimepungua.

Unauliza kama umwambie nahodha tena kuhusu mpira wa ekzosi, ule wa kutolea moshi, wa boti yenu kuukuu. Umepasuka, moshi unanuka hadi mnapolala, naye anasema utawafikisha Pemba. 

Nikiwa msichana hapa Machame nilikinga unga kwenye mashine ya kusaga. Injini ya dizeli ilipozwa na maji ya mfongo, ule mfereji wetu tunaogawana maji kwa zamu, kisha maji yakatoka na moshi kwenye mpira, kama kwenu. Siku moja zamu yetu ya maji ikaisha tukiwa bado tunasaga, jirani wa juu akayageuzia migomba yake. Nikasikia maji yamenyamaza. Nikamwambia fundi.

"Binti, wewe kinga unga."

Nikakinga. Mpira ukaungua, moshi ukajaa ndani, na mwenzangu Ndeshi tukamtoa amelegea. Alipozinduka kwenye majani akaniuliza, "Uliposikia, mbona hukuniita tutoke?" 

Mwambie tena, wenzako wakisikia. Kila mkiwasha, chungulia nyuma. Maji yasipotoka, zima. Akikuita mwoga, kubali, ndivyo tulivyo kwetu. Asipobadilisha mpira, shuka, panda basi uje. Kazi nyingine itapatikana. Anaeli mwingine sina.

Bibi yako