Bingwa wa Pinde

Shoga, acha ulichoshika. Leo sina pa kuficha uso!

Ule upinde wa shemeji yako, ule aliouchonga kwa mkono na kutulisha maranda miezi yote hii, umevunjika. Mbele ya baba yangu!

Unakumbuka alivyotuhubiria? "Mgongo wa upinde, huu upande wa nje, hauguswi hata kwa kucha! Ukikwaruzika tu, upinde unapasuka." Watoto wakawa wanaupita kwa kunyata. Mimi nikakatazwa hata kuufuta vumbi.

Leo baba kaja kuuona. Jamaa kautoa kwa mbwembwe, kapanua kifua, kavuta kamba... PAA! Vipande viwili.

Nikaokota kimoja. Shoga! Mgongoni kuna maandishi ya kisu, yamezama hasa: BINGWA WA PINDE. Kachonga mwenyewe! Mgongoni! Pale pasipoguswa hata kwa kucha!

Baba akamuuliza taratibu, "Mkwe, nani kaandika hapa?"

Akajibu bila haya, "Miti ya siku hizi haina nguvu, baba."

Sasa hivi yuko uani na gogo jipya. Hata gome hajalitoa, lakini neno BINGWA keshalichonga.